Shavu la Baba Kendi

Tangu turudi, kila anayepita kwangu huanza kwa kuuliza viazi vinaendeleaje, kisha hushusha sauti akauliza lile hasa lililomleta. Nimemsimulia huyu kipande, yule kipande, na sasa nasikia kuna watu wanaoijua safari yangu kuliko mimi niliyekwenda. Basi nimeketi niandike yote kwa mara moja, hasa kwa ninyi wenzangu wa kikundi cha maji mliotukamulia ng'ombe na kutupalilia shamba tulipokuwa mbali. Habari za kadi na mihuri ya hospitali nitaziruka, kwani zilinichosha wakati ule na zitawachosha ninyi sasa. Hasira sitairuka. Bado ninayo, na sijaona sababu ya kuificha.

Kibirichia

Mlikuwepo jambo lilipoanza, lakini mlilitazama kutoka upande wenu. Niacheni niwaonyeshe upande wangu.

Mume wangu hakuwahi kutafuna miraa. Baba yake alitafuna, ndugu zake wanatafuna, nusu ya Meru inatafuna na nusu nyingine inauza. Yeye alikata shauri ujanani, siku aliyobatizwa, na tangu hapo hata jani la kupewa kwa heshima arusini alikuwa akilipitisha kwa jirani. Ndipo kivimbe kikaanza kumtoka upande wa kushoto, chini ya shavu, karibu na pembe ya taya. Hakikumuuma. Kilikua taratibu kama kiazi kilichosahauliwa mchangani, na kilipoonekana wazi kilikuwa kimeshakuwa kikubwa.

Sasa, huku kwetu mtu akionekana na shavu lililotuna, nani huwaza ugonjwa? Sote tunawajua watafunaji. Mtu hutafuna majani, akayasukuma upande mmoja wa kinywa, akayaweka humo nusu siku akiyanyonya maji. Shavu moja likipanda, kesi imeisha. Na kanisa letu, mnajua, halimruhusu mtafunaji kukaribia meza ya Bwana. Sheria hiyo naijua na sikuwahi kuipinga.

Wazee wa kanisa walimwita. Mwenyekiti wao, Mzee Ayubu, ambaye shamba lake limepakana na letu, alisema kwa upole kabisa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wakamtoa katika uzee wa kanisa, wakamnyang'anya kazi ya kuanzisha nyimbo, wakamkataza chakula cha Bwana mpaka atakapotubu. Wazee wazima, wenye wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue kinywa waone kuna nini ndani.

Nilimgombeza tulipofika nyumbani. Kwa nini yeye mwenyewe asingeufungua mdomo wake waone? Akaniambia, "Mama Kendi, mimi si ng'ombe wa sokoni nihesabiwe meno. Neno langu lilitosha miaka yote hiyo." Kila Jumapili alikwenda na kuketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, shavu lake likiwa upande wa watu.

Baadaye meno ya upande ule yakaanza kulegea. Kuna mahali tulikwenda, sitapataja, wakaling'oa jino moja wakasema uvimbe utashuka. Haukushuka. Wakang'oa la pili. Walipoinua koleo kwa ajili ya la tatu, mimi ndiye niliyeinuka, nikamshika mkono tukatoka. Kama nyumba inavuja, hutoi matofali moja moja ukitumaini mvua itakatika. Wiki iliyofuata tulifunga safari.

Mjini Meru

Tuliteremka na lori la viazi, tukiwa tumeketishwa mbele kwa sababu Baba Kendi alimfahamu dereva. Huyo dereva ni mtu mwema sana, na wema wake ndio ulionikera. Tulipofika kwenye lami alitoa chingamu na karanga mfukoni, vitu wanavyopenda kutumia watafunaji, akampa mume wangu huku akimwambia, "Shika mzee, naona wewe ulianza kazi mapema." Baba Kendi akashukuru, akanipa mimi zile karanga. Nilizila kwa hasira zote.

Kwenye kliniki tuliyoelekezwa, muuguzi alimtazama mara moja tu, akachukua bakuli la bati na kumwekea magotini. "Tema hiyo kitu kwanza, ndio daktari akuangalie," akasema, akaenda zake kuwahudumia wengine.

Nataka mlione jambo hilo kama nilivyoliona mimi. Mwanamume aliyejenga nusu ya kanisa kwa mikono yake ameketi kwenye benchi, kofia gotini na bakuli la mate juu ya kofia, akingoja. Waliofika nyuma yetu waliitwa, wakatibiwa, wakaenda. Kila muuguzi alipopita alichungulia bakuli, akaliona ni kavu, akafyonza. Mume wangu alimweleza mara mbili kwamba hana cha kutema. Mara ya pili muuguzi akamjibu kwamba wote husema hivyo. Hapo nikalichukua lile bakuli, nikaenda nalo mpaka mlango wa daktari, nikagonga kwa bakuli lenyewe.

Daktari alikuwa kijana. Alivaa glovu, akaingiza kidole, na uso wake ukabadilika. Akaagiza picha ipigwe. Ilipotoka aliiinua dirishani akawaita wenzake, wakaizunguka wakisema kwa Kiingereza juu ya vichwa vyetu, kana kwamba taya lile lilikuja mjini peke yake. Nami nilichungulia. Mahali palipostahili kuwa na mfupa mzima palikuwa na vyumba vyumba, kama sega la nyuki. Nikauliza ni nini. Akasema si kazi yake kusema, kuna mtaalamu wa mataya anayefika hospitali moja huko Embu mara kwa mara, twende huko, tena tusichelewe. Muuguzi alitusindikiza hadi mlangoni, na mimi nikamrudishia bakuli lake.

Nkubu

Tulilala Nkubu kwa dada yangu Kagendo, ambaye nilikuwa sijamwona kwa muda. Njia nzima nilijiambia kwamba angalau kwa dada yangu tutapumzika. Alitupokea kwa furaha, akaandaa mukimo wa mahindi na viazi, akatandika kitambaa cha meza cha wageni. Kisha nikamwona analeta kopo tupu, analiweka chini kando ya kiti cha shemeji yake, taratibu, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu.

Nilimfuata jikoni. Niliyomwambia humo yatabaki humo. Alilia, akasema Mzee Ayubu alikuwa amekuja Nkubu kwenye mkutano wa kanisa na habari ilienea tangu wakati huo, naye alidhani heshima ni kutouliza. Huo ndio ugonjwa wetu mwingine, jamani. Tunasitiri jambo ambalo hatujalihakikisha, na kusitiri kwetu kunakuwa ushahidi. Baba Kendi hakuweza kuutafuna ule mukimo kwa sababu ya mahindi, basi Kagendo akautupa moyo wake wote katika sufuria la uji wa mtama uliochachushwa, na mume wangu akanywa vikombe vitatu ili tu dada yangu asiendelee kulia.

Barabara ya Embu

Wakati ule mvua za El Nino zilikuwa zimeigeuza nchi nzima kuwa tope. Mbele ya Chuka maji yalikuwa yamemega barabara na magari yakapangana pande zote mbili yakingoja tingatinga. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi jua likaelekea kuzama. Akina mama wa karibu walikuja na ndizi za kuchoma na chai kwenye birika, na wauzaji wa muguka wakaja pia, maana tulikuwa tunaingia upande ambako miraa inampisha ndugu yake muguka, ule wa majani mafupi laini. Wote walimpita kila mtu wakasimama kwa Baba Kendi. Mmoja alimwambia ya kwake inashinda hiyo aliyoibeba.

Hayo niliyavumilia. Lakini kulikuwa na mhubiri miongoni mwa abiria, mwenye Biblia na sauti, na mtu mwenye vitu hivyo viwili akikwama barabarani hawezi kukaa bure. Alianza na gharika ya Nuhu, jambo ambalo siku ile lilikuwa na maana. Akatoka kwa Nuhu akaingia kwenye ulevi, kutoka ulevi akaingia kwenye majani, na hatimaye akanyoosha mkono. Akasema mtazameni mzee huyu mwenye mvi, hata mbele ya hasira ya Mungu hawezi kutoa uchafu kinywani mwake.

Watu waligeuka. Wengine walicheka. Nilimwendea yule mhubiri nikiwa na ndizi mkononi.

"Njoo uiguse," nikamwambia. "Njoo uingize kidole chako. Ukipata jani hata moja, nitaokoka upya hapa hapa kwenye matope. Ukipata mfupa, utapiga magoti umwombe msamaha."

Hakuja. Alisema hatujaribu watumishi wa Mungu. Kisha, alipoona watu wamemgeukia yeye, akasema kama ni ugonjwa basi angeweza kumwekea mikono. Baba Kendi alinivuta kwa upindo wa sweta na kunirudisha kwenye jiwe letu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikipigana na kila mtu kati ya Chuka na Embu, tutafika bila nguvu za kumwona daktari. Alisema kweli, nami nilimkasirikia kwa kusema kweli.

Gachoka

Embu tukaambiwa mtaalamu naye amekwama upande wake kwa sababu ya mvua hiyo hiyo, turudi wiki ijayo. Kurudi Kibirichia kupitia barabara ile haikuwezekana. Ndipo Baba Kendi akamkumbuka Njiru wa Gachoka, waliyechimba naye mtaro wa maji walipokuwa vijana, na tukateremka kwenye joto la Mbeere tukiwa na masweta yetu ya mlimani.

Njiru alimkumbatia mume wangu hadi kofia ikaanguka. Ni mkulima wa muguka, na kwao muguka ni kama chai kwetu: mgeni asipopewa amedharauliwa. Asubuhi yake alikwenda shambani kabla ya sisi kuamka, akachuma vichwa vyekundu vya juu ya matawi, vile anavyovipeleka sokoni kwa bei nzuri, akavileta vikiwa na umande. Akaviweka mbele ya Baba Kendi, akaketi kumtazama kwa upendo.

"Tema hiyo ya Meru, rafiki yangu," akasema. "Hiyo imezeeka njiani. Kula ya leo."

Nilifungua mdomo nianze. Baba Kendi akainua mkono wake kuninyamazisha, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Akachukua kichwa kimoja, akachuma majani kama alivyoona wengine wakifanya maisha yake yote, akayatia upande wa kulia, ule mzima. Akatafuna.

Sijui nieleze vipi. Mke anaketi na mume wake chini ya bati la mtu mwingine, anamtazama akitenda lile alilohukumiwa bila kulitenda. Uso wake ulikunjamana kwa uchungu wa majani. Alitafuna akaendelea, bila haraka, kama mtu anayeonja dawa ili ajue kama inamfaa mtoto. Mwishowe akauliza:

"Ni hii?"

Njiru akacheka, akasema ndiyo hii, bora kuliko zote.

"Ni hii tu, Njiru? Walinitoa kanisani kwa sababu ya hii?"

Akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu walipomnyang'anya wimbo wake, na kicheko kile kilinifurahisha kwa muda mfupi tu, kwa sababu kiligeuka kuwa kilio na hakukificha. Tulimweleza Njiru yote. Alisikiliza, kisha akakusanya muguka wake wote mezani akautoa nje, na siku zote tulizokaa pale hakutafuna mbele yetu, yeye ambaye huanza jua likichomoza. Mkewe alitupikia kunde, akazisaga laini kwa mwiko ili mume wangu azimeze. Watu wawili hao, watafunaji, ndio pekee katika safari nzima walioomba radhi bila kuambiwa.

Embu tena

Mtaalamu alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono ya polepole. Alimkalisha Baba Kendi kitini na swali lake la kwanza likawa, "Mzee, unatafuna?"

Siwezi kuandika hapa yote niliyosema. Kwa ufupi, nilianzia Kibirichia na nikasimama kila kituo. Aliningoja nimalize. Akasema, "Mama, hilo nauliza kila mtu. Hata padre akikuja nitamuuliza." Kisha akamwomba mume wangu afungue kinywa, naye akakifungua, kwa kuwa aliombwa vizuri na mtu aliyenawa mikono.

Alitueleza kwa lugha yetu, bila kutazama juu ya vichwa vyetu. Akasema meno hayaoti hivi hivi. Ndani ya taya la mtoto kuna nyama inayoyajenga, na kazi ikiisha nyama hiyo hulala. Mara chache masalio yake huamka ukubwani na kuanza kujenga bila ramani. Hayajengi jino, yanajenga uvimbe, na uvimbe unakula mfupa unaouzunguka. Si ile saratani inayotembea mwilini, lakini ni mroho, na ukikwanguliwa tu hurudi. Kung'oa meno hakukusaidia lolote. Dawa ni kukata kipande cha taya, pamoja na sehemu ya mfupa mzima pande zote mbili, ili pasibaki mbegu.

Nikamuuliza kama huletwa na miraa au muguka. Akasema hapana. Nikamwomba aseme tena kwa sauti, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na foleni ilikuwa inasikiliza. Akatabasamu, akasema kwa sauti ya kufika nje: hautokani na miraa, wala muguka, wala laana ya mtu.

Kisha akawa mkweli kwa yale mengine. Shavu litabonyea. Taya litakwenda upande. Kula kutakuwa kazi, na kusema pia. Asipokatwa, uvimbe utaendelea mpaka ufunge kinywa. Nilikuwa nimepigana njia nzima ili tufike hapo, na nilipofika nikatamani turudi nyumbani na shavu letu.

Baba Kendi aliuliza jambo moja. "Nitaweza kuimba?"

"Sauti iko kooni, mzee, huko sitagusa," daktari akasema. "Maneno ndiyo yatakusumbua."

"Basi kata."

Alikata. Siku za baada ya hapo sizipendi na sitazirefusha. Walimlisha uji kwa mpira puani, na uso wake ulivimba mara mbili ya ule mliokuwa mkiusema. Wageni wa vitanda vingine waliuliza alikuwa na nini, nami nilimweleza kila mmoja, kwa kirefu, na hakuna aliyelala kabla sijamaliza.

Nyumbani

Jumapili ya kwanza aliyopata nguvu, alivaa koti lake na tukaenda kanisani. Mlikuwepo, lakini wengine mlikuwa nyuma, na kuna mliosikia vibaya.

Mlimwona alivyoingia, shavu la kushoto limebonyea ndani. Mzee Ayubu naye alimwona. Wakati wa matangazo alisimama mbele akasema tumshukuru Mungu, maana ndugu yetu ameshinda. Akasema kila mtu ana macho na anaona kwamba ameacha. Akasema kanisa si la kushikilia makosa, na kuanzia siku hiyo amesamehewa na kiti chake cha uzee kinamngoja. Na ninyi mkapiga makofi. Nasema hivi tukiwa marafiki: mlipiga makofi.

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Mume wangu alinishika mkono, akanikalisha, akaenda mbele yeye mwenyewe. Maneno yake hayakuwa safi, yalipitia upande mmoja wa mdomo, na hapo ndipo wengine mlipokosa kumsikia. Alisema hivi:

"Sikuacha, kwa sababu sikuwa nimeanza. Hii ilikuwa ugonjwa, na imekatwa pamoja na mfupa wangu. Lakini nina toba. Nilitafuna mara moja tu maishani, huko Gachoka, mkiwa mmeshaniadhibu. Kwa hiyo Mzee Ayubu, hukumu yako haikupotea. Ilitangulia tu."

Kisha akamgeukia, hatua moja kutoka kwake, na yule mtu asiyekubali kuhesabiwa meno kama ng'ombe akafungua kinywa chake kadiri kinavyoweza kufunguka sasa.

"Angalia," akasema.

Mzee Ayubu aliangalia chini. Alikuwa na kila nafasi ya kutazama, safari hii bure, na aliangalia viatu vyake. Baba Kendi alingoja, kinywa wazi, muda ule wote mliodhani amesahau anachofanya. Kisha akakifunga, akachukua kofia, na akaanzisha wimbo kwa sauti ile ile ya zamani akielekea mlangoni. Hamkujua kama mmwitikie au la. Tuliusikia ukimya wenu mpaka barabarani.

Hayo ndiyo yote. Sasa mkija kwangu ulizeni viazi tu. Vinaendelea vizuri.